Damu ya Rangi, Kicheko cha Kweli

Somo: Luka 13:1-5. Soma pia Mithali 24:17, Ezekieli 33:11 na Luka 23:48.



Jumapili iliyopita vijana waliuliza swali ambalo halikujibiwa lote, maana saa ilikuwa imetuacha. Swali ni hili: "Mtu akitazama muvi ya kuua, na anajua vizuri ni maigizo, amemkosea nani?" Ni swali la haki, na halifai kujibiwa kwa kufokewa. Ukimwambia kijana tu kwamba hizo ni za shetani, atanyamaza mbele yako, halafu usiku ataitazama kwa simu chini ya blanketi. Kwa hivyo wacha tulijibu polepole, tukitumia filamu moja ambayo wengi wao wameitaja kwa jina.

Filamu yenyewe inaitwa Thanksgiving. Ilitoka Novemba 2023, na mwongozaji wake ni Mmarekani Eli Roth. Wewe ambaye hujaiona, huna haja ya kwenda kuitafuta. Nitakueleza ya kutosha.

Mtu aliyegawanya watu

Roth alianza kujulikana mwaka 2002 na filamu ya Cabin Fever, lakini jina lake lilivuma na Hostel, iliyoingia kumbi za Marekani Januari 2006. Hostel ni hadithi ya vijana watalii wanaonaswa huko Slovakia na kuuzwa kwa matajiri, watu wanaolipa pesa ili wapewe binadamu wa kumtesa. Wakuu wa Slovakia walilalamika kwamba nchi yao imepakwa matope. Mwaka huohuo mkosoaji David Edelstein, akiandika katika jarida la New York, alizipa filamu za aina hiyo jina ambalo limezishika mpaka leo: ponografia ya mateso.

Wanaompenda Roth wana maneno yao pia. Wanasema anaonyesha pesa inavyoweza kununua mwili wa mtu, na kwamba anayekasirika amekasirikia kioo kwa sababu ya sura aliyoiona ndani yake. Hilo si neno la kutupa, na tutalirudia.

Thanksgiving ilianza kama mzaha. Mwaka 2007 Quentin Tarantino na Robert Rodriguez walitoa Grindhouse, filamu mbili kwa tiketi moja, na katikati wakaweka vionjo vya filamu ambazo hazikuwepo. Kimoja kilikuwa cha Roth. Miaka 16 baadaye mzaha ukawa filamu kamili. Na imetengenezwa ichekeshe, hilo lazima tulielewe mapema. Mtu anauawa kwa njia ya ajabu na watazamaji wanaangua kicheko.

Hadithi imewekwa Plymouth, Massachusetts, mahali ambapo ile meli ya Mayflower ilishusha watu mwisho wa mwaka 1620. Walikuwa kama watu 100, baadhi yao wakitafuta mahali pa kumwabudu Mungu bila kusumbuliwa. Kabla baridi ya kwanza kuisha, karibu nusu yao walikuwa wamekufa. Gavana wao wa kwanza, John Carver, naye alikufa mwaka 1621 kabla ya mavuno. Waliobaki walivuna, wakala pamoja na wenyeji wao Wawampanoag, na karamu hiyo ndiyo Wamarekani wanaikumbuka kila Alhamisi ya nne ya Novemba. Ilikuwa meza ya shukrani ya watu waliozika nusu ya wenzao.

Katika filamu, muuaji anavaa kinyago cha uso wa huyo Carver. Carver hakufika kwenye ile meza, na sasa uso wake unatumiwa na mtu anayeketisha maiti mezani.

Mlangoni pa duka

Sehemu ya kwanza ya filamu, niseme ukweli, inaweza kuhubiriwa. Ni usiku wa sikukuu. Watu wameacha chakula nyumbani na kujazana nje ya supamaketi, wakingoja ofa za Black Friday. Walinzi ni wawili tu. Msichana wa mwenye duka anaingizwa ndani kwa mlango mwingine pamoja na marafiki zake. Umati unawaona kupitia kioo, hasira inapanda, vioo vinavunjika, watu wanakanyagana. Mama mmoja aliyekuja tu kumletea mume wake chakula kazini anakufa vibaya sana katikati ya troli. Na kuna wengine wanaopita juu ya miili wakikimbilia bidhaa.

Usiseme hayo hayawezekani. Tarehe 28 Novemba 2008, kabla ya saa kumi na moja asubuhi, watu wapatao 2,000 walisukuma mlango wa duka la Walmart huko Valley Stream, karibu na jiji la New York. Mlango ulivunjika. Mfanyakazi wa muda wa miaka 34, aliyewekwa mlangoni kwa sababu alikuwa na mwili mkubwa, alikanyagwa akafa. Taarifa za siku ile zilisema kwamba wanunuzi wengine, walipoambiwa duka linafungwa kwa sababu mtu amekufa, walinung'unika. Walikuwa wamepiga foleni usiku kucha.

Sasa niambie, nani alimuua yule ndugu? Aliye mbele atasema alisukumwa na aliye nyuma yake. Aliye nyuma atasema naye alisukumwa. Aliye mwisho kabisa atasema hakuona kitu. Kampuni ilipigwa faini ya dola 7,000 na idara ya usalama kazini, na hakuna mnunuzi hata mmoja aliyehukumiwa kwa kifo hicho. Dhambi ya umati iko hivyo. Kila mtu ameshika kipande kidogo, na kila mtu akikiangalia kipande chake anaona hakifiki hata kuitwa dhambi.

Hilo linauma. Moyo wa mtu unataka mwenye kosa ajulikane. Filamu ya Roth inaanzia kwenye uchungu huo halisi, kisha inatupa dawa ya uongo.

"Alijitakia"

Mwaka mmoja baada ya msiba wa duka, mtu mwenye kinyago anaanza kuwafuata waliokuwepo usiku ule, mmoja mmoja. Mhudumu wa mkahawa aliyekuwa kwenye vurugu. Mlinzi aliyekimbia. Anawapiga picha, anapanga meza yenye vijibao vya majina, na kuweka picha hizo mtandaoni ili wanaofuata wajue viti vyao vipo.

Angalia fundi anavyofanya kazi. Kabla mtu hajauawa, tumeonyeshwa ubaya wake. Huyu ni mchoyo. Huyu ana mdomo mchafu. Huyu alimkanyaga mwenzake kwa ajili ya kifaa cha jikoni. Wameandikwa hivyo makusudi. Mwandishi amewafanya wabaya ili kisu kikiingia sisi tusisikie uzito wowote. Unalipa pesa upate kuona mtu akichinjwa, na pamoja na tiketi unapewa ruhusa ya dhamiri: alijitakia.

Wapendwa, neno hilo tunalijua. Halikuletwa na Marekani. Mwizi wa simu akishikwa stegi, mawe yanaanza, mtu anatafuta tairi, na simu zinatolewa mifukoni. Dakika kumi baadaye video iko kwenye gurupu la WhatsApp la ukoo, na chini yake kuna vikatuni vya kucheka. Umuulize aliyetuma, atakwambia, "Si alijitakia?" Sisemi filamu ndiyo ilimfundisha. Watu walikuwa wakipiga mawe kabla ya sinema kuvumbuliwa. Ninasema furaha ni ileile, na inajilisha popote inapopata chakula.

Kwa hivyo wala sitawaambia kwamba ukitazama Thanksgiving utakuwa muuaji. Mamilioni ya watu wametazama filamu kama hizo na kesho yake wakaenda kazini, wakamsaidia mzee kuvuka barabara. Tukiwatisha vijana kwa jambo ambalo wao wenyewe wanaona si kweli, wataacha kutusikiliza hata kwa yale ya kweli.

La kweli ni hili. Ile damu ni rangi, na yule aliyekufa alinawa akaenda kula chakula cha jioni. Lakini wewe ulipocheka, hukuigiza. Katika chumba kile kizima, kitu kimoja tu kilikuwa halisi, nacho ni furaha yako. Swali la vijana lilikuwa, "Amemkosea nani?" Labda hajamkosea yeyote aliye kwenye kioo. Lakini ameuzoeza moyo wake furaha fulani, na ni haki tuulize kama furaha hiyo iko kwa Mungu.

Ezekieli 33:11 inajibu bila kuzunguka. Mungu anaapa kwa uhai wake kwamba hafurahii kufa kwake mtu mwovu, bali angependa ageuke aishi. Mithali 24:17 nayo inatukataza kushangilia adui akianguka. Aya hizi hazizungumzi juu ya mtu mwema aliyeonewa. Zinazungumza juu ya yule aliyestahili, yule wa "alijitakia".

Kijana aliyefumba macho

Mwafrika mmoja aliandika juu ya jambo hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Ni Agostino, aliyezaliwa Thagaste, katika nchi ambayo leo tunaiita Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo anaeleza habari za rafiki yake Alipio, aliyekwenda Rumi kusoma sheria. Alipio alichukia kabisa michezo ya uwanjani ambapo watu waliuana mbele ya umati. Siku moja marafiki walimvuta kwa nguvu, nusu mzaha. Akawaambia mnaweza kuuburuta mwili wangu, lakini macho na moyo hamtavipata. Akaketi, akafumba macho.

Alisahau masikio. Mtu mmoja alianguka uwanjani, na umati wote ukapiga kelele kubwa. Alipio akafumbua macho mara moja tu, akidhani ataona na kudharau. Agostino anasema jeraha alilopata Alipio rohoni lilikuwa baya kuliko la yule aliyeanguka mchangani. Hakuweza kugeuza uso tena. Alipiga kelele pamoja na wengine, na tangu siku hiyo alikuwa yeye anayewavuta wenzake kwenda.

Tunajifunza nini? Kilichomshinda Alipio kilikuwa sauti ya watu. Aliingia pale akiwa mtu mmoja, mwenye jina na msimamo, akatoka akiwa kipande cha umati. Mungu alimrehemu, na baadaye akawa askofu wa Thagaste. Lakini anguko lake linatufungua macho: umati unaokanyaga mlangoni pa duka na umati unaoshangilia kwenye viti hawako mbali kama wanavyodhani. Filamu inatualika tuwachukie wale wa dukani, na papo hapo inatufanya kama wao. Wao walisahau mtu kwa sababu ya ofa, nasi tunasahau mtu kwa sababu ya burudani.

Na mwisho wa filamu wenyewe unalikubali jambo hili. Kinyago kikivuliwa, muuaji ni sherifu, mkuu wa polisi wa mji, yule aliyekuwa akiwahoji mashahidi. Alimpenda kwa siri yule mama aliyekufa dukani. Uchungu wake ulikuwa wa kweli. Lakini aliupa kisu, na orodha ya wanaostahili ikaendelea kurefuka, mpaka mama wa kambo wa yule msichana akaokwa katika oveni na kuandaliwa mezani. Kisasi hakijui kuhesabu mpaka kikome. Kama Roth alitaka kutuonyesha kioo, basi hapo amefaulu. Shida ni kwamba mpaka tufike hapo, tumeshacheka kwa muda wa saa nzima na zaidi.

Je, Biblia haina damu?

Hapa kijana mwenye akili ataniuliza: mbona Waamuzi 19 ina mwanamke aliyekatwa vipande 12? Yaeli na kigingi cha hema je? Na Miriamu hakupiga tari Wamisri walipozama?

Maswali mazuri, na yanafaa majibu. Vipande vile 12 vya Waamuzi vilitumwa kwa makabila ili watu wakae, wafikiri, waseme la kufanya. Hakuna aliyealikwa kucheka. Damu ikionyeshwa ili watu waamke, hiyo ni kazi ya nabii, na ipo hata katika sinema. Kuna filamu za vita na za mauaji ya kimbari ambazo mtu anatoka akiwa amenyamaza, na kunyamaza huko ni sala. Kwa hivyo kipimo chetu hakiwezi kuwa wingi wa damu peke yake.

Yaeli tunamsoma katika Waamuzi 4 na 5, na habari yake ni ya vita. Watu wake walikuwa wameonewa kwa nguvu miaka 20, na yule aliyelala hemani ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi la mwonevu.

Na Miriamu aliimba akiwa ametoka kufukuzwa. Mgongo wake ulijua mjeledi. Aliimba wokovu. Wewe uliye kwenye kochi hakuna aliyekufukuza. Adui uliyeletewa ametengenezwa kiwandani ili ufurahie kumwona akiangamia. Hatuwezi kuazima tari ya Miriamu kwa kazi hiyo.

Bwana wetu aliletewa habari kama hizi. Luka 13 inasema watu walimweleza juu ya Wagalilaya ambao Pilato alichanganya damu yao na dhabihu zao. Bila shaka walingoja aseme walikuwa wabaya. Yeye akakataa hesabu hiyo. Akaongeza habari ya wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama wanafikiri hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu. Halafu akageuza kidole kwao: tubuni ninyi. Kifo cha mwingine, kwa Yesu, si mahali pa kupimia ubaya wake. Ni mahali pa kujiangalia.

Wahenga wetu walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Ili uufurahie mkuki, lazima kwanza mtu awe nguruwe machoni pako. Hiyo ndiyo kazi ninayoiogopa katika filamu hizi. Zinatuzoeza kugeuza watu nguruwe haraka, kwa dakika tano, kwa kosa moja.

Basi tufanyeje?

Sitatunga amri ambayo Maandiko hayakuitunga. Nitawapa kipimo. Unapotazama, sikiliza moyo wako unangoja nini. Kuna hadithi za kutisha zinazokuweka pamoja na anayewindwa, unaogopa naye, unataka atoke salama. Na kuna zinazokuweka upande wa mwindaji, unangoja zamu ya mwingine kwa hamu. Ukijikuta unangoja mtu afe, simamisha hapo. Jiulize, huyu angekuwa mtoto wa shangazi yangu, ningecheka? Kama huwezi kumhurumia hata kwa dakika moja, zima. Hujazima kwa sababu ya kumwogopa mchungaji. Umezima kwa sababu umeona unakoelekea.

Wazazi nao wasikie. Huko Marekani kwenyewe, aliye chini ya miaka 17 haingii kutazama filamu hii bila mtu mzima. Kwenye simu ya mtoto wako hakuna mlinzi mlangoni. Lakini kumnyang'anya simu peke yake hakutoshi. Kaa naye, muulize, "Ulicheka wapi? Kwa nini pale?" Muulize bila kufoka, na uwe tayari naye akuulize kuhusu ile video uliyotuma kwenye gurupu.

Mwisho, kumbukeni kwamba hata Kalvari palikuwa na watazamaji. Luka 23:48 inasema makutano waliokuja kutazama, walipokwisha kuona yaliyotukia, walirudi wakijipiga vifua. Walikuja wakiwa umati, wakiwa na hakika kwamba huyu anastahili. Walirudi kila mtu ameshika kifua chake mwenyewe.

Maswali kwa ushirika wa nyumbani

1. Ni lini mara ya mwisho ulisema "alijitakia"? Ulikuwa ukizungumza juu ya nani, na ulimjua?

2. Alipio alijilinda kwa kufumba macho, lakini kelele za wengine zilimshinda. Ni sauti za nani zinazokuvuta wewe, na utazipunguzaje wiki hii?

3. Mtaani kwetu mtu akishikwa na umati, sisi washirika tuliopo tufanye nini katika dakika tano za kwanza? Kubalianeni jambo moja kabla hamjaomba.